Nani alitangulia kufika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia katika migogoro ya ardhi na utaifa

Ukisikiliza mjadala kuhusu Karabakh, Kosovo, Palestina au Kivu, haupiti muda mrefu kabla mtu hajataja mfalme aliyekufa zamani, kaburi, kanisa au mwaka fulani. Mwenzake atamjibu kwa mfalme wake na mwaka wake. Hapa nimekusanya maswali ambayo watu huuliza baada ya mijadala ya namna hiyo. Majibu hayana urefu mmoja, kwa kuwa maswali hayana uzito mmoja.

Simulizi ya kihistoria ni nini? Si historia tu?

Historia ni yale yaliyotokea, pamoja na kazi ya kuyachunguza kwa ushahidi. Simulizi ni jinsi jamii inavyoyapanga hayo yaliyotokea ili yawe na maana kwake: inaanzia wapi, inaishia wapi, nani kaonewa, nani shujaa, na lipi halisemwi mbele ya watoto. Utaikuta kwenye wimbo wa taifa, kwenye sikukuu, kwenye sanamu za viwanja vya miji, kwenye picha za noti, kwenye vitabu vya shule na kwenye mazungumzo ya wazee msibani.

Wengi hudhani kwamba simulizi ni uongo na historia ni ukweli. Sivyo. Simulizi nyingi zilizochochea vita zimejengwa kwa matukio ya kweli. Mapigano ya Kosovo ya 1389 yalipiganwa kweli. Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makazi yao kweli mwaka 1948, na Wayahudi milioni 6 walikuwa wameuawa kweli barani Ulaya miaka michache kabla ya hapo. Shida huwa katika kile kilichoachwa nje, na katika kile ambacho msikilizaji anatarajiwa akifanye akishamaliza kusikiliza. Ernest Renan, mwanazuoni wa Ufaransa, alisema katika mhadhara wake wa Sorbonne mwaka 1882 kwamba kusahau, na hata kuikosea historia, ni sehemu ya lazima ya kuundwa kwa taifa.

Je, migogoro hii si matokeo ya chuki za kale tu?

Hapana. Maelezo ya "chuki za kale" yanapendwa na watu walio mbali kwa sababu yanawaondolea kazi ya kuelewa. Waarmenia na Waazabajani waliishi mtaa mmoja mjini Baku, mji mkuu wa Azabajani, kwa miaka mingi, wakaoana, wakafanya kazi pamoja. Wabosnia wa dini tatu walikaa jengo moja Sarajevo. Kama chuki ya karne nyingi ingekuwa ndiyo chanzo, isingesubiri hadi 1988 huko Kaukasi au 1992 huko Bosnia.

Kilichobadilika miaka ile ni dola zilizokuwa zikiporomoka. Muungano wa Kisovieti na Yugoslavia zilipolegea, watu waliacha kujua nani atawalinda kesho, mipaka ya ndani ya utawala ikaelekea kuwa mipaka ya nchi, na wanasiasa wakahitaji sababu mpya ya kufuatwa. Hofu ilikuwepo tayari. Simulizi iliipa hofu hiyo jina na sura ya adui. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukiwaambia watu kila siku kwamba majirani watawageuka kama walivyowageuka babu zao, wataanza kujihami. Jirani akiwaona wanajihami, naye atajihami. Mwishowe lililosemwa linakuja.

Kwa nini kila ugomvi unarudi kwenye swali la nani alitangulia kufika?

Kwa sababu aliyetangulia huitwa mwenyeji, na mwenyeji hahitaji kueleza kwa nini yupo. Anayetakiwa kujieleza ni mgeni. Hoja hii inaeleweka hata na mtoto, ndiyo maana ina nguvu.

Chukua Karabakh, eneo la milimani katika Kaukasi lililogombewa na Armenia na Azabajani. Kwa Waarmenia, makanisa na nyumba za watawa kama Gandzasar ya karne ya 13 ni ushahidi ulioandikwa kwenye mawe kwamba wao ni wa pale. Upande wa Azabajani, wanazuoni kuanzia enzi za Kisovieti, na hasa Ziya Bunyadov, walijenga hoja kwamba makanisa hayo ni urithi wa Waalbania wa Kaukasi, taifa la kale la Kikristo lisilo na uhusiano wowote na Albania ya leo, na kwamba Waarmenia wengi waliletwa na utawala wa Urusi baada ya mikataba ya Gulistan ya 1813 na Turkmenchay ya 1828. Uhamisho wa karne ya 19 ulitokea kweli. Lakini angalia hoja inavyofanya kazi: mawe yanabaki, na walioyachonga wanabadilishwa kuwa watu wengine.

Abkhazia, eneo lililojitenga na Georgia, ilipitia jambo kama hilo. Katika miaka ya 1950 mwanazuoni wa Georgia, Pavle Ingorokva, alidai kwamba Waabkhazi wanaotajwa katika maandishi ya kale walikuwa kabila la Kigeorgia, na kwamba Waabkhazi wa leo ni watu walioshuka kutoka milimani katika karne ya 17. Waabkhazi waliisikia kama notisi ya kuhama. Mjadala huo ulifufuka mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1992 vita vikaanza. Baadaye waliofukuzwa walikuwa Wageorgia, zaidi ya 200,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa palepale.

Kosovo nako Waserbia wanaonyesha nyumba za watawa za enzi za kati kama Dečani, na kuiita nchi hiyo kitovu cha imani yao. Waalbania wanajibu kwamba wao ni kizazi cha Wailiria waliokuwapo kabla Waslavi hawajaingia Balkani katika karne ya 6 na ya 7. Kila upande una karne zake, na kila upande unasimamisha saa pale palipo na faida kwake.

Kiswahili kina methali inayoonyesha kasoro ya mchezo huu kuliko kitabu chochote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ugeni una mwisho. Mtu akishalima na kuzika wazazi wake hapo, amekuwa wa hapo. Simulizi za kivita huizuia siku ya tatu isifike. Familia inaweza kukaa miaka 200 na bado ikahesabiwa kuwa imefika jana jioni.

Kwa hiyo haijalishi kabisa nani alitangulia?

Inajalisha, lakini si kwa namna inayodhaniwa. Kuna mahali ambapo kutambua waliotangulia ni haki iliyocheleweshwa. Nchini Australia dola ilijengwa juu ya dhana kwamba kabla ya Waingereza ardhi ile haikuwa ya mtu yeyote. Kesi ya Mabo iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo tarehe 3 Juni 1992 iliitupa dhana hiyo na kutambua haki za ardhi za wenyeji wa asili. Huko historia iliondoa uongo na kuwapa watu nafasi mezani.

Ninachokiangalia mimi ni ombi linalofuata baada ya hoja. "Tulikuwapo, tutambueni" ni ombi moja. "Tulikuwapo kwanza, basi ondokeni" ni ombi lingine kabisa, hata kama ushahidi wa yote mawili ni uleule.

Kwa nini pande mbili zinataja matukio yaleyale lakini hadithi zao hazifanani?

Mara nyingi kwa sababu ya mahali pa kuanzia. Kisiwa cha Cyprus ni mfano ulio wazi. Wagiriki wa Cyprus huanza mwaka 1974, jeshi la Uturuki lilipovamia na watu wengi wakakimbilia kusini. Waturuki wa Cyprus huanza Desemba 1963, walipoanza kushambuliwa na kulazimika kukaa kwenye maeneo yaliyozungukwa, karibu miaka 11 kabla ya meli za Uturuki kutia nanga. Ukianza 1974, Uturuki ni mvamizi. Ukianza 1963, ni mkombozi. Mtu anaweza kusimulia bila kusema uongo hata mmoja na bado akawa ameuficha ukweli.

Wakati mwingine ugomvi unakaa kwenye kitenzi kimoja. Tarehe 5 Julai 1921 kikao cha viongozi wa Kibolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, wa Kaukasi kiliamua kwamba Karabakh ya milimani iwe ndani ya Azabajani, siku moja tu baada ya kikao hichohicho kuamua kinyume chake. Waarmenia husema eneo lilikabidhiwa kwa Azabajani. Waazabajani husema lilibakizwa Azabajani. Kukabidhi na kubakiza: katika neno moja mali inatoka kwa mwenyewe, katika neno lingine haijawahi kutoka.

Na tarehe ikiingizwa kwenye sheria, huamua nani ni raia. Huko Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaupokonya, kwa kudai mtu athibitishe kwamba ukoo wake ulikuwa ndani ya mipaka tangu 1885. Nani ana karatasi ya babu wa 1885? Sheria ya 2004 ikausogeza mwaka hadi uhuru, 1960. Watu walikuwa walewale, vijiji vilevile, na katikati ya tarehe hizo kumepita vita.

Kwa nini jamii hukumbuka kushindwa kuliko kushinda?

Vamık Volkan, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Nicosia katika kisiwa hichohicho cha Cyprus, alieleza kwamba kundi kubwa la watu linaweza kuchagua jeraha moja la zamani na kulifanya alama ya kujitambua. Jeraha lisiloombolezwa likaisha hurithishwa: kizazi kimoja kinakipa kingine kazi ya kulipa deni. Fahari nayo hurithishwa, ila jeraha huunganisha zaidi kwa sababu linamfanya kila mmoja ajione mdai.

Kosovo ndipo jambo hili lilipoonekana kwa macho. Mwaka 1389 Mwanamfalme Lazar wa Serbia na Sultani Murad I wa Waosmani wote walikufa katika mapigano yale. Karne 6 baadaye mabaki ya Lazar yalizungushwa vijijini, watu wakiyapokea kwa machozi kana kwamba kafa wiki iliyopita. Tarehe 28 Juni 1989 Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, alihutubia umati wa mamia ya maelfu huko Gazimestan, Kosovo, na akataja kwamba mapigano ya silaha bado hayajaondolewa katika uwezekano. Miezi michache kabla ya hapo mamlaka ya ndani ya Kosovo yalikuwa yamepunguzwa. Mwalbania wa mwaka 1989 aliwekwa mahali pa askari wa Kiosmani wa 1389. Volkan aliita hali hiyo kuporomoka kwa wakati: jana na leo zinakaa kitanda kimoja, na hasira ya wafu inapata mikono ya walio hai.

Simulizi inafikaje kwenye mauaji?

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi hawaamini kwamba maneno ya kitabuni yanaweza kufika mtoni.

Mwaka 1863 John Hanning Speke, msafiri Mwingereza, alichapisha nadharia kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walikuwa wa asili ya Ethiopia, watu wa kutoka nje walio bora kuliko waliowatawala. Hakuwa na ushahidi; alikuwa na mawazo ya rangi ya Ulaya ya wakati wake. Wamisionari na watawala wa kikoloni wakaichukua nadharia hiyo na kuifundisha. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waligawa nchini Rwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mipaka ya makundi iliyokuwa na njia za kuvukia ikafungwa. Kwanza hadithi ya ugeni ilitumiwa kuwapa Watutsi heshima. Upepo wa siasa ulipogeuka, hadithi ileile, bila kubadilishwa herufi, ikawa hati ya mashtaka: kama mlitoka Ethiopia, basi hapa si kwenu.

Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya, akasema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 miili ilitupwa kwenye mito ya Rwanda, ikapita Kagera, ikafika Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wa nchi jirani waliiopoa na kuizika. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016.

Tazama hatua zilivyofuatana. Kwanza jirani anaambiwa ni mgeni. Kisha anaambiwa ana siri na waliomtuma. Halafu anapewa jina lisilo la mtu. Nchini Kenya, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100, neno lililotumika kwa waliohesabiwa kuwa wa kuja lilikuwa "madoadoa". Doa hufutwa, halijadiliani na mtu. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022, na ilifanya vyema.

Je, kuna simulizi inayokana kwamba taifa jingine lipo?

Ndiyo, na ni hatari kwa namna yake. Haisemi "nyinyi ni wageni". Inasema "nyinyi ni sisi, mmesahau tu". Julai 2021 Vladimir Putin alichapisha insha ndefu akidai kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Februari 2022 majeshi yake yakaingia. Uturuki kwa miaka mingi iliwaita Wakurdi "Waturuki wa milimani". Anayeambiwa hayo hawezi kujibu kwa ushahidi, kwa sababu kila anachokitoa, lugha, nyimbo au majina, huelezwa kuwa ni upotofu uliopandikizwa na maadui. Kwa maoni yangu, swali la kama taifa fulani ni la zamani au la karne hii halipaswi kuamua chochote. Watu wanaojitambua kuwa taifa leo ni taifa leo.

Kwa nini maktaba, misikiti, makanisa na makaburi hulengwa vitani?

Kwa sababu ni mashahidi. Ukishasema hawa hawakuwahi kuwa hapa, kaburi la mwaka 1600 linakukanusha likiwa limesimama. Huko Julfa, katika Nakhichevan, sehemu ya Azabajani, makaburi ya Kiarmenia yenye maelfu ya mawe ya misalaba iliyochongwa yalibomolewa hadi chini kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na 2006, Azabajani inakana. Upande wa pili, mji wa Aghdam walikokuwa wakiishi Waazabajani uligeuzwa magofu chini ya udhibiti wa Waarmenia, na makaburi yake yakafukuliwa. Maktaba ya taifa ya Bosnia mjini Sarajevo iliteketezwa kwa makombora Agosti 1992. Oktoba mwaka huohuo hifadhi ya nyaraka ya Abkhazia ilichomwa moto mjini Sukhumi. Daraja la Mostar nchini Bosnia, lililojengwa 1566, liliangushwa tarehe 9 Novemba 1993.

Daraja lilijengwa upya na kufunguliwa 2004. Karatasi za Sukhumi hazirudi.

Na majina ya mahali?

Jina ni dai fupi kuliko yote. Shusha au Shushi, Stepanakert au Khankendi, Derry au Londonderry, Malvinas au Falklands: msikilizaji anajua uko upande gani kabla hujamaliza sentensi. Baada ya 1948 zaidi ya vijiji 400 vya Wapalestina viliachwa tupu, na mahali pengi pakapewa majina ya Kiebrania. Wakimbizi na wajukuu wao bado wanaita mabinti na maduka kwa majina ya vile vijiji. Ukiandika kuhusu mahali penye ugomvi, taja majina yote mawili mara ya kwanza. Ni adabu ndogo isiyogharimu kitu.

Ramani ya zamani si ushahidi tosha?

Ramani ni simulizi iliyochorwa. Hekalu la Preah Vihear liko juu ya jabali mpakani mwa Kambodia na Thailand. Mkataba wa 1904 kati ya Ufaransa, iliyotawala Kambodia, na Siam, yaani Thailand ya leo, ulisema mpaka ufuate mgawanyiko wa maji. Maofisa wa Ufaransa wakachora ramani iliyoliweka hekalu upande wa Kambodia. Siam iliipokea ramani hiyo na kukaa kimya kwa miaka mingi. Mwaka 1962 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kuwa hekalu ni la Kambodia, na ukimya huo ukawa sehemu kubwa ya sababu. Lakini hukumu haikuzima hisia. Hekalu lilipoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, wanajeshi wa nchi hizo walirudi kurushiana risasi, na Julai 2025 mapigano ya mpakani yalizuka tena kwa siku 5.

Mahakama za kimataifa zinaipa historia uzito gani?

Mdogo kuliko watu wanavyodhani. Uingereza na Ufaransa zilipogombea visiwa vidogo vya Minquiers na Ecrehos, zilipeleka hoja za wafalme na mikataba ya enzi za kati. Mahakama ilisema mwaka 1953 kwamba kinachoamua si dhana zinazotokana na matukio ya enzi hizo, bali ushahidi wa nani ameishika na kuisimamia ardhi yenyewe: nani alitoza kodi, nani aliendesha kesi, nani alisajili mikataba ya mali.

Kuhusu Sahara Magharibi, maoni ya Mahakama ya Oktoba 1975 yalikubali kwamba palikuwa na vifungo vya utii kati ya Sultani wa Morocco na baadhi ya makabila. Yakaongeza kwamba vifungo hivyo havikuwa umiliki wa nchi, na haviwezi kuzuia wakazi kujiamulia. Mfalme Hassan II alichukua sehemu ya kwanza na siku hiyohiyo akatangaza Matembezi ya Kijani, maandamano ya raia wa Morocco kuingia eneo hilo. Watu wapatao 350,000 walivuka mpaka Novemba, na mzozo haujaisha.

Afrika ilichagua njia nyingine mapema. Wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliokutana Cairo Julai 1964 walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Somalia na Morocco hazikukubali. Mipaka ile ilikuwa ya kikoloni na iligawa koo, kila mtu alijua. Februari 2022 Balozi Martin Kimani wa Kenya aliueleza uamuzi huo mbele ya Baraza la Usalama, akipinga hatua ya Urusi dhidi ya Ukraine: kama Waafrika wangetafuta nchi za kabila moja au dini moja, wangekuwa bado wanapigana hadi leo. Naafiki. Nakiri pia kwamba mipaka hiyo haijawatendea haki wote, na kwamba kuiheshimu mistari hakumzuii mtawala kuwanyanyasa walio ndani yake.

Wanasiasa nao hutumia kanuni hizi kwa upendeleo. Urusi ilipinga Kosovo kujitenga mwaka 2008, kisha ikaitaja Kosovo kutetea kuichukua Crimea mwaka 2014. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Wanahistoria wenyewe wana lawama?

Baadhi wanayo. Inashangaza ni wasomi wangapi wa mambo ya kale waliogeuka viongozi wakati wa kuporomoka kwa dola zile mbili. Levon Ter-Petrosyan, rais wa kwanza wa Armenia huru, alikuwa mtaalamu wa maandishi ya kale. Abulfaz Elchibey wa Azabajani alikuwa mtaalamu wa lugha na historia ya Waarabu. Zviad Gamsakhurdia wa Georgia alikuwa mwanafasihi, na Vladislav Ardzinba wa Abkhazia alibobea katika historia ya Wahiti. Franjo Tuđman wa Kroatia alikuwa mwanahistoria. Chini ya ukomunisti siasa ya wazi ilikatazwa, hivyo ugomvi wa ardhi ulikuwa umejificha kwenye tanbihi za majarida ya akiolojia. Kifuniko kilipoondolewa, tanbihi zikatoka barabarani.

Sisemi kwamba wote walitaka damu. Ter-Petrosyan mwenyewe alijiuzulu 1998 baada ya kutetea maafikiano juu ya Karabakh ambayo wenzake waliyakataa.

Shule zinaweza kufanya nini?

Walimu wawili wa chuo, Dan Bar-On wa Israeli na Sami Adwan wa Palestina, waliongoza kundi la walimu lililoandika kitabu cha historia chenye safu mbili kwenye kila ukurasa: simulizi ya Kiisraeli upande mmoja, ya Kipalestina upande mwingine. Katikati waliacha mistari mitupu ili mwanafunzi aandike yake. Hawakujaribu kuunganisha hadithi hizo kuwa moja, na naona hapo ndipo palipo na hekima ya kazi ile. Hakuna upande ulioikubali rasmi katika shule zake.

Ufaransa na Ujerumani zilipata kitabu cha pamoja cha sekondari mwaka 2006, wazo lililotoka kwa vijana wa nchi hizo waliokutana Berlin mwaka 2003. Ni zaidi ya nusu karne baada ya bunduki kunyamaza, mpaka ukiwa hauna ubishi tena. Cyprus inaonyesha upande mwingine: Waturuki wa Cyprus waliandika upya vitabu vyao mwaka 2004 kwa sauti ya upole zaidi, na serikali mpya ikaviondoa 2009. Vitabu vya amani vinahitaji siasa itakayovilinda.

Je, simulizi inaweza kubadilika bila watu kujiona wamejisaliti?

Inaweza, ila kwa jasho. Ugiriki na jirani yake wa kaskazini walivutana tangu 1991 kuhusu jina Macedonia na nani mrithi wa Aleksanda Mkuu. Mkataba wa Prespa wa tarehe 17 Juni 2018 ulitoa jina la Macedonia Kaskazini, na ukaeleza kwa maandishi kwamba neno hilo lina maana mbili: kwa Ugiriki ni urithi wa ustaarabu wa kale wa Kigiriki, kwa majirani ni nchi na lugha yao ya Kislavi. Hakuna aliyelazimishwa kusema babu zake walikuwa waongo. Viongozi waliotia saini walitukanwa kwao pande zote mbili.

Ireland Kaskazini zaidi ya watu 3,500 walikufa katika miaka 30 ya mapigano. Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya 1998 hayakuamua nani alikuwa na haki katika vita vya 1690 kati ya mfalme Mkatoliki na mfalme Mprotestanti, au katika uasi wa 1916 dhidi ya Uingereza. Yalisema mkazi anaweza kujitambua kuwa Muirishi, Mwingereza au vyote viwili, na kwamba hadhi ya eneo itabadilika tu kwa ridhaa ya walio wengi. Swali la zamani halikujibiwa. Lilinyang'anywa nguvu ya kuamua nani aishi wapi.

Nikikutana na hoja ya kihistoria kuhusu ardhi, niipimeje?

Uliza hadithi imeanzia mwaka gani, kisha rudi nyuma miaka 20 uone inakuwaje. Sikiliza kama wa upande wa pili wana majina na watoto ndani ya hadithi hiyo, au wanatajwa kama wimbi, kundi, genge. Mwulize msimulizi ni kosa gani ambalo upande wake uliwahi kufanya. Asipoweza kutaja hata moja, usimtegemee katika mengine. Ukisikia "ardhi hii imekuwa yetu daima", kumbuka hakuna kumbukumbu ya binadamu inayofika daima. Zaidi ya yote, angalia kitendo kinachoombwa mwishoni.

Je, si bora kusahau tu na kuanza upya?

Waliopoteza ndugu hawawezi kuagizwa wasahau, na anayewaagiza mara nyingi ndiye mwenye cha kuficha. Kinachowezekana ni kukumbuka kwa ukamilifu zaidi. Cyprus ina Kamati ya Watu Waliopotea, iliyoundwa 1981. Orodha yake ina majina 2,002: Wagiriki wa Cyprus 1,510 na Waturuki wa Cyprus 492, wa 1963 na wa 1974 pamoja, kwenye orodha moja. Wanaakiolojia na wanasayansi wa jamii zote mbili huchimba kwa pamoja na kupanga mifupa kwenye meza moja ya maabara, bila kutafuta nani aliua. Zaidi ya watu 1,000 wametambuliwa. Familia huitwa, huonyeshwa mifupa iliyopangwa kwa utaratibu wa mwili wa mtu, hupewa muda wa kukaa nayo, kisha huichukua kwenda kuizika.